Mimi Nilikimbia Nini?



Jumapili moja, katika darasa la watoto, msichana wa miaka tisa aliniuliza swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu. Alikuwa ameiona kadi ya mgao ya mama yake. Akasema: "Mwalimu, mimi nimezaliwa hapa hapa. Mbona naitwa mkimbizi? Mimi nilikimbia nini?" Wenzake wakacheka. Mimi nilinyamaza.

Kwa Kiswahili mtoto yule ana haki ya kuuliza. Neno letu linatazama miguu. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia, basi. Halisemi alikwenda wapi, wala halimtaji aliyemkimbiza. Ndiyo maana linageuka tusi kwa urahisi huko sokoni, kwa kuwa hata mwizi hukimbia.

Lakini kwenye kadi ile limeandikwa neno la Kiingereza, "refugee", na neno hilo lina ukoo mwingine. Shina lake ni Kilatini, "refugium", maana yake kimbilio. Ndani yake kuna kukimbia, ni kweli, lakini linatazama mahali mtu anapofikia.

Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na waliolileta walikuwa Wakristo. Waprotestanti wa Ufaransa, walioitwa Wahugenoti, walikuwa na ruhusa ya kuabudu tangu mwaka 1598. Oktoba 1685 Mfalme Louis wa 14 akaifuta. Makanisa yao yakabomolewa. Wachungaji wakapewa siku 15 tu watoke nchini, lakini waumini wa kawaida wakakatazwa kutoka. Mwanamume aliyekamatwa akitoroka alifungwa minyororo na kupelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Hata hivyo watu wapatao 200,000 waliondoka, kwa usiku, kwa njia za porini, wengine wamefichwa kati ya mizigo melini. Kama 50,000 walifika Uingereza. Kwa ajili yao neno "refugee" likaingia katika Kiingereza.

Tusidhani walipokelewa kwa nyimbo. Wengi walikuwa wafumaji wa hariri, na wafumaji wa London walinung'unika kwamba wageni wanawanyang'anya kazi. (Wanaokaa karibu na vijiji vya wenyeji mnazijua habari hizi.) Lakini walipata mahali. Katika mtaa mmoja wa London uitwao Brick Lane kuna jengo walilolijenga mwaka 1743 kuwa kanisa lao. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti, kisha sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, na tangu 1976 ni msikiti wa Waislamu waliotoka Bangladesh. Kuta ni zile zile.

Vita vililigeuza neno hilo. Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, na Wabelgiji wapatao 250,000 wakavuka bahari kwenda Uingereza. Tangu hapo "refugee" likawa zaidi jina la mtu aliyeachiwa nyumba yake moto na mizinga, awe na imani gani. Sheria ilichelewa kidogo kufuata. Mkataba wa Geneva wa 1951, unapoeleza mkimbizi ni nani, unataja hofu ya kuteswa kwa ajili ya kabila, dini, uraia, kundi au siasa. Vita havikutajwa hapo. Ni Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwaka 1969 kule Addis Ababa, ulioongeza watu waliokimbia uvamizi na machafuko makubwa ya nchi. Wengi wetu tuliandikwa kwa mlango huo.

Sasa, ndugu zangu, kama jina ni la mahali pa kupokelewa, basi lina watu wawili ndani yake: anayeingia na anayefungua. Biblia ya Kiswahili inalijua jambo hili, nayo inatumia neno kimbilio. Someni Hesabu 35 na Yoshua 20, habari za ile miji sita. Ilikuwa ya mtu aliyeua bila kukusudia, kwa hiyo tusijilinganishe naye kwa kila jambo. Lakini angalieni kazi waliyopewa wazee wa mji: kumsikiliza mtu akiwa amesimama langoni, kumwingiza, kumpa mahali pa kukaa. Na mlango ulikuwa wazi kwa mgeni kama kwa Mwisraeli.

Hapo ndipo swali linaponigeukia. Mwezi uliopita familia saba ziliingia usiku, zikalala barazani mwa kanisa letu. Nimewasikia watu waliofika hapa kabla yao, watu wa sala, wakisema: "Hawa wakimbizi watatupunguzia mgao." Walilisema neno lile lile linalotuuma tunapoitwa nalo barabarani. Siwalaumu kwamba wanaogopa njaa. Mgao ukipunguzwa, sufuria haidanganyi. Lakini nashindwa kuona kwa haki gani tunamdai mwenyeji kimbilio, ikiwa baraza la kanisa tunaliona ni letu peke yetu. Nami nakiri kwamba usiku ule nilihesabu kwanza mikeka yangu.

Yule msichana nilimjibu baada ya wiki mbili. Nilimwambia Kiswahili kimemkosea kidogo. Yeye hakukimbia kitu. Alipokelewa, akiwa bado tumboni mwa mama yake, na kadi ile kwa Kiingereza inasema hivyo. Akafikiri, kisha akauliza kama wale watoto wanaolala barazani nao wameshapokelewa.

Nikamwambia nitawauliza wazee wa kanisa. Kikao ni Alhamisi.