Meza ya Bwana Baharini



Sote twalijua jina El Niño, maana mvua zake za mwaka 1997 na 1998 zilivunja madaraja na kuharibu mashamba katika nchi zetu. Jina hilo ni la Kihispania, maana yake "Mtoto", yaani Mtoto Yesu. Wavuvi wa Peru ndio waliolitoa, kwa kuwa maji yenye joto hufika pwani yao karibu na Krismasi.

Leo tuwatafakari viumbe wengine ambao joto hilo huwakuta mezani. Katika Visiwa vya Galápagos, nchi ya Ekwado, wako mijusi wakubwa mfano wa kenge, ambao malisho yao ni baharini. Hula mwani kama ng'ombe alavyo majani. Wenye miili mikubwa huzamia. Wadogo hungoja maji yapwe, wakala miambani. Waupendao ni mwani mwekundu na wa kijani, nao husitawi kwa sababu maji baridi hupanda kutoka vilindini yakileta rutuba.

Mwaka 1982 hadi 1983 bahari ile ilipata joto kupita kiasi. Rutuba ikapungua, mwani mzuri ukatoweka, na mahali pake ukaota mwani wa kahawia. Mijusi wakaula, lakini matumbo yao hayakuweza kuusaga. Wakafa kwa njaa hali matumbo yamejaa. Katika kisiwa cha Santa Fe walikufa zaidi ya nusu. Wataalamu wamegundua pia kwamba wakati wa njaa hiyo mijusi waliokomaa hufupika, wengine hata sehemu moja ya tano ya urefu wao, na chakula kikirudi hurefuka tena.

Zaburi ya 104 yatufundisha kwamba viumbe vyote humngojea Mungu awape chakula kwa wakati wake. El Niño ni ya kale, ilikuwako kabla ya viwanda. Lakini sasa joto jingine limeongezwa juu yake. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe wanayochoma wanadamu umeipasha dunia joto, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za joto hilo zimemezwa na bahari. Mjusi hana gari wala kiwanda. Aliyemwandalia meza ni Mungu. Anayeivuruga ni mwanadamu.

Pengine tutasema kwamba moshi wetu ni kidogo ukilinganishwa na wa nchi tajiri. Ni kweli. Hata hivyo, kila tunapokaribia Ushirika Mtakatifu twaikaribia meza ambayo hatukuiandaa sisi, nasi twalishwa kwa neema. Je, mtu aliyelishwa hivyo aweza kunyamaza meza ya mwenzake ikiharibiwa? Tangu mwaka 1990 Kanisa letu la Anglikana ulimwenguni limehesabu utunzaji wa uumbaji kuwa sehemu ya utume wake. Basi tuilinde miti na mikoko yetu, tuwafundishe watoto wetu, na viongozi wetu wanapokutana na wakubwa wa dunia tuwakumbushe kuwasemea wasio na sauti.

Ee Bwana, ufumbuaye mkono wako na kuvishibisha vyote vilivyo hai, utufanye watumishi waaminifu wa meza yako, nchi kavu na baharini. Amina.