Jina Jema na Haki ya Kuonywa

Mwaka 1982, mjini Chicago na viungani mwake, watu 7 walikufa kwa kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu na mtu asiyejulikana hata leo. Kampuni ya Johnson & Johnson iliwaonya watu wote, ikataka zirudishwe chupa zipatazo milioni 31. Baadaye ilisifiwa, na biashara yake ikasimama tena.

Wanafunzi wa elimu ya uhusiano mwema hufunzwa kisa hiki kuwa ni dalili ya faida ya ukweli. Nasi twauliza: lau ukweli ungeleta hasara tupu, je, kunyamaza kungefaa? Hasha! Onyo ni haki ya mwenye chupa nyumbani, wala si hisani ya muuzaji. Asemaye kweli kwa kulinda jina tu, siku uwongo utakapolilinda zaidi, atasema uwongo.