Aliyetuma bahasha, je, amefika?

Katika nchi yetu ya Wanande, iwe hapa Kayna, iwe Lubero, Butembo ao Beni, mwaka haupiti bila familia kukutana. Kuna ndoa, kuna ubatizo, kuna kilio. Kuna tena ile matembezi ya siku ya Mungu, kisha misa ao ibada, wazazi wanapochukua watoto kwenda kusalimia nyanya ku kijiji, na kurudi mangaribi wakibeba ndizi na maharagi. Hayo yote tunayajua. Lakini siku hizi swali moja linasikika sana katika mazungumzo yetu, na sisi walimu tunaona linafaa kuandikwa: mtu asiyefika, lakini ametuma bahasha, je, amefika?

Zamani swali hilo halikuwa na nafasi. Mchango ulikuwa mtu mwenyewe na kile alichoweza kubeba: huyu kuni, yule maji, mwingine kasikisi, mwingine mkungu wa ndizi. Wanaume walikaa ku kyaghanda, kandokando ya moto, ambako mambo ya familia yalisemwa na kukatwa. Wamama walikuwa ku jiko, na huko pia mambo mengi yalikatwa, hata kama hawakuyatangaza. Leo tunafanya kamati. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna kadi ya mwaliko, na kuna daftari ambamo jina la kila mtu linaandikwa pamoja na dola alizotoa. Hata mbuzi wa mahari, mara nyingi wanahesabiwa kwa dola. Na mtu akiulizwa kwa nini hakuonekana, anajibu: «Mimi nilishatuma ku telefone.»

Tusimhukumu mbio. Bahasha ina haki yake. Sanduku ya marehemu hainunuliwi kwa machozi, na wageni mia mbili hawashibi kwa salamu. Watoto wetu wametawanyika: mmoja yuko Kampala, mwingine Kinshasa, mwingine anafuata biashara mpaka Dubai na Guangzhou. Wazee wa Kiswahili walisema: undugu ni kufaana, si kufanana. Basi yule wa mbali anayelipia dawa ya mgonjwa anafaa kuliko yule wa karibu anayekuja kukalia kiti na kungojea sahani. Hoja hiyo ni nzito, na hatuwezi kuiruka.

Lakini tuangalie majina yetu. Kwetu mtoto anazaliwa na jina lake linamungojea. Kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale. Binti wa kwanza ni Masika. Jina linasema tu umezaliwa wa ngapi. Darasani tunaita «Kambale!» na vijana sita wanainuka. Ndiyo maana mzee akikutana na kijana njiani hamuulizi tu jina, anamuuliza: «Uko mutoto ya nani?» Jina lenyewe halitoshi. Linahitaji watu wanaoweza kusema: huyu ni Kambale wa fulani, mjukuu wa fulani, mama yake ni wa kilima kile. Na watu hao hawakujui kwa sababu ya bahasha. Wanakujua juu walikuona ukiwa mdogo, umebebwa ku mgongo, siku ya ndoa ya shangazi.

Hapo ndipo hoja ya bahasha inaishia. Feza inaweza kununua sanduku, mchele na hema. Haiwezi kumuonyesha mtoto kwa jamaa yake, wala kumuonyesha mtoto jamaa yake. Baba anayetuma dola kila mara na hachukui watoto wake hata siku moja, amelipa deni lake yeye. Watoto amewaachia jina lisilo na watu.

Kuna na ubaya mwingine, nao unatoka ku daftari yetu. Mama mjane anafika alfajiri, anachota maji, anapika, anaosha sahani mpaka usiku. Jina lake halimo. Mwingine anapita dakika kumi, anaacha dola hamsini, na kamati inasimama kumshukuru mbele ya watu. Mara inayofuata yule mjane ataona haya kuja na mikono mitupu, na watoto wake watabaki nyumbani. Hivyo desturi iliyoletwa kusaidia familia inaanza kufukuza maskini ndani ya familia.

Tufikiri tena juu ya wale ambao hawakuchagua kukosa. Mwezi wa 6 mwaka 2024, vita vilipopita Kanyabayonga na kufika hapa kwetu, familia nyingi zilikimbilia Lubero na Butembo. Wengine walizikwa bila ndugu zao kuwaona. Na mwezi wa 9 mwaka 2025, huko Ntoyo, upande wa Manguredjipa, waasi wa ADF waliwaua watu zaidi ya 60 waliokuwa wamekusanyika ku kilio. Watu hao walikwenda kufanya kile ambacho wazazi wetu walitufundisha: kutomuacha mfiwa peke yake usiku. Basi nani atathubutu kumwambia mwenye kuogopa njia kwamba amekosa undugu? Wajibu wa kufika haumlazimishi mtu kujitoa kwenye kifo. Bahasha ya mtu huyo tuipokee kwa mikono miwili.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: anayezuiliwa na njia, akituma, amefika. Anayezuiliwa na kazi mara moja, mara mbili, naye tumuelewe. Lakini yule ambaye njia iko wazi, moto iko ku mlango, siku ya Mungu hana kazi, naye anachagua bahasha ili asisumbuliwe na watu, huyo amesaidia, tumshukuru, lakini hakufika.

Tufanye nini? Kamati zetu ziandike ndani ya daftari na kuni, na maji, na usiku wa kupika, na zisome majina hayo kwa sauti kama zinavyosoma ya wenye dola. Aliye mbali asitume feza peke yake; apige telefone, mfiwa asikie sauti yake na sauti ya watoto wake. Na kila njia inapofunguka, hata kwa siku chache, tuchukue watoto tuwapeleke kwa wazee wangali hai. Wazee wale hawatatuuliza tumetoa dola ngapi. Watamshika mtoto mkono, watamuangalia usoni na kumuuliza: «Uko mutoto ya nani?» Tuhakikishe ana jibu.