Unapouza nyumba, usimuuze na mpangaji

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, leo nataka tuzungumzie jambo linalotokea kila siku katika miji yetu, lakini mimbarini hulisikii sana. Nalo ni kuuza nyumba ambayo ndani yake wanaishi wapangaji. Nitaanza na nafsi yangu, kwani anayewausia wenzake akajisahau mwenyewe amejidanganya.

Marehemu baba alituachia nyumba Temeke, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba sita, vinne vikiwa na wapangaji. Mahakama ya Mwanzo iliniteua kuwa msimamizi wa mirathi, na warithi tukakubaliana nyumba iuzwe ili kila mmoja apate fungu lake. Hapo hapakuwa na kosa. Kosa lilianza Januari 2022, nilipopokea kwa wapangaji kodi ya miezi sita, shilingi 50,000 kwa mwezi kila chumba, huku nikijua kwamba dalali ameshaanza kuitembeza habari ya nyumba mjini.

Dalali alininong'oneza: "Ustadh, wapangaji usiwaambie, wakijua watatuharibia biashara." Nikamsikiliza. Mwezi Machi akapatikana mnunuzi, naye akasema anaitaka nyumba tupu. Nikawatangazia wapangaji kwamba nyumba inafanyiwa ukarabati, watupishe ifikapo mwisho wa mwezi. Walipouliza kodi yao iliyobaki, nikawajibu, "Tutaangalia."

Wiki hiyo hiyo nilikuwa darasani nafundisha mada ya mikataba. Binti mmoja, ambaye mama yake ni mpangaji wetu na anauza maandazi barazani, akanyoosha mkono. "Ustadh, mtu akipokea kodi ya miezi sita, kisha mwezi wa tatu akawaambia wapangaji wahame, ile ya miezi mitatu iliyobaki inakuwa halali yake?" Wenzake walidhani ni swali la mtihani. Mimi nilijua ni swali la nani. Nilimjibu kwamba si halali, kisha nikashindwa kuendelea na kipindi.

Jioni nilikwenda kwa sheikh aliyenisomesha, nikamweleza yote bila ya kuficha. Hakunigombeza. Alinirudisha kwenye aya ya kwanza ya Suratul Maidah, ambayo Allah anawaamrisha walioamini watimize mikataba. Akaniuliza: "Je, kupangisha si mkataba?"

Ndugu msomaji, kupangisha ndiko wanazuoni wanakokuita ijara, yaani kuuza manufaa ya kitu kwa muda maalumu na kwa malipo maalumu. Mwenye nyumba akishapokea kodi ya miezi sita, manufaa ya chumba kile kwa miezi hiyo si yake tena. Ameshayauza. Kinachobaki mkononi mwake ni umiliki wa jengo. Ndiyo maana kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, ni kwamba nyumba iliyopangishwa inaweza kuuzwa na mauzo yakasihi, lakini ijara haivunjiki. Mnunuzi humsubiri mpangaji mpaka muda wake uishe. Na kama mnunuzi hakuelezwa kuwa kuna mpangaji, ana hiari ya kuyavunja mauzo. Kwa Mahanafi mpangaji ana nguvu zaidi, kwani mauzo husubiri ridhaa yake au kumalizika kwa muda wake. Hakuna dalali anayeweza kuifuta haki hiyo kwa mnong'ono.

Wapo watakaosema, "Sisi hatukuandikiana." Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Lakini tujilaumu kwa kuacha kuandika, wakati aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inatufundisha kuandika na kuweka mashahidi katika mambo ya kudaiana.

Jambo la pili tunalolichezea ni faragha. Dalali huja na wateja watatu asubuhi na wawili jioni, anasukuma mlango na kufungua pazia, ndani mama wa watu yuko kichwa wazi ananyonyesha. Akiulizwa husema, "Mwenye nyumba ameruhusu." Aya ya 27 ya Suratun Nur inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimia waliomo. Mwenye hati hana ruhusa ya kutoa kwa sitara ya mwingine. Mpange siku na saa, mpangaji akubali, ndipo mteja aingie.

Jambo la tatu ni ukweli kwa mnunuzi. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainishiana, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kudanganyana, baraka yake hufutwa. Mpangaji aliyelipa mpaka Juni ni katika mambo ya kubainishwa. Kadhalika mita moja ya umeme inayotumiwa na vyumba vyote, na deni la maji.

Basi niliwakusanya wapangaji ukumbini, nikawaambia kweli na kuwaomba radhi. Mama yule wa maandazi akasema: "Mwanangu, ungetuambia Januari tungelipa miezi mitatu tu, tukaanza kutafuta." Wawili waliridhia kuhama mapema, tukawarudishia kila mmoja shilingi 150,000 na kuwalipia gari la kubebea vyombo. Wawili wakabaki, na mama huyo mmojawapo. Mnunuzi alikasirika, nusura aondoke, kisha akakubali kuichukua nyumba pamoja nao mpaka Juni, kodi yao ya miezi mitatu ikatolewa kwenye bei. Na bei yenyewe akaipunguza. Ndugu zangu wa damu walininunia miezi kadhaa. Sitasema uongo kwamba haki haikutugharimu.

Nanyi wapangaji, msidhani usia huu ni wa upande mmoja. Wapo wanaosikia nyumba inauzwa wakaacha kulipa kodi. Wapo wanaowatisha wateja kwamba nyumba ina kesi au ina majini. Wapo ambao muda wao umekwisha, wamepewa notisi ya kutosha, na bado wanang'ang'ania. Yule wa pili aliyebaki kwetu alikaa wiki mbili za Julai bila ya kulipa, mpaka mjumbe alipomwendea. Huo nao ni unyang'anyi. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi hata shibri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Hakusema onyo hili ni la matajiri tu.

Tumalizie kwa Sahaba Abu Rafi', kama alivyopokea Bukhari. Alikuwa na vyumba viwili ndani ya ua wa Sa'd bin Abi Waqqas. Sa'd akatoa elfu nne, tena kwa mafungu, ilhali Abu Rafi' alishapewa dinari mia tano taslimu, ambazo ni nyingi zaidi. Akamwachia Sa'd, kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema jirani ana haki zaidi kwa ujirani wake. Mpangaji hana haki hiyo ya jirani, wala hulazimiki kumuuzia. Lakini mtu aliyekaa nawe miaka kumi, akazika nawe na kufuturu nawe, anastahiki angalau kuwa wa kwanza kuambiwa.

Basi wewe unayefikiria kuuza, kabla ya kumpigia simu dalali, gonga mlango wa mpangaji wako, toa salamu, umweleze. Kodi ya mbele usiipokee ikiwa huna nia ya kuitimiza. Thamani ya nyumba tutagawana warithi, lakini dhuluma ya msimamizi hairithiwi; ataibeba peke yake.

Wabillahi tawfiq.