Mtani wa Marehemu

Je, ni halali kucheka mbele ya maiti? Karibu kila mtu utakayemwuliza atajibu hapana. Lakini mtu huyo huyo, akikaa jioni mbele ya televisheni na kuonyeshwa mchezo wa upelelezi ambamo mtu ameuawa, atacheka hadi machozi yamtoke, mradi tu mpelelezi mwenyewe awe na vituko. Basi, ama tunasema uongo tunapojibu, ama vicheko viko vya namna mbili na tumekatazwa kimoja tu.

Mchezo ninaoufikiria zaidi ni ule wa Columbo, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1968 na kufikia tamati mwaka 2003, ukiwa umepumzika miaka kadhaa katikati. Peter Falk, aliyefariki mwaka 2011, ndiye aliyekuwa Columbo: koti la mvua lililokunjamana, sigara nene mkononi, Peugeot 403 iliyochakaa, na hadithi zisizokwisha juu ya mke wake ambaye mtazamaji hamwoni. Huuliza maswali ya kipuuzi, huaga, hufika mlangoni, kisha hugeuka: limebaki swali moja dogo. Na swali hilo dogo ndilo kitanzi.

Ajabu ni kwamba kwa kawaida mwuaji huonyeshwa tangu mwanzo. Kwa hiyo hatukai pale kutegua kitendawili. Tunangoja nini basi? Tunangoja kuona dharau ikilipwa. Mwuaji ni tajiri, msomi, mtu wa jumba kubwa na bwawa la kuogelea. Anamtazama mtu wa koti bovu na kumhesabu si kitu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na sisi tunakaa saa nzima na zaidi tukiutazama mguu huo ukivimba.

Wasomaji wa Kiswahili tulikuwa na mpelelezi wetu mapema zaidi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, ambamo mtu anakutwa ameuawa mahali pa mzimu. Mwaka 1984 kikatoka kingine, Kosa la Bwana Msa. Fikiri, msomaji, ni waandishi wangapi wangethubutu kuliweka neno “kosa” mbele ya jina la shujaa wao, tena juu ya jalada! Kenya nako, katika televisheni ya Citizen, Davis Mwabili amewachekesha watu kwa miaka mingi akiwa Inspekta Mwala. Mpelelezi tunayempenda ni yule anayekubali kuchekwa.

Lakini bado hatujajibu swali la maiti. Kwa jibu, inafaa tuje Uluguru.

Katika vijiji vya milima hii, mtu wa ukoo fulani akifariki, watani ni watu wa ukoo mwingine uliofungamana na ukoo wake kwa desturi ya zamani, na hao wana haki yao msibani. Wafiwa wameinama, wageni wananong’ona, mara mtani anatokea amevaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake na kikohozi chake, anamkumbusha marehemu madeni aliyoyaacha. Watu wanacheka, na hakuna anayeona kwamba marehemu amevunjiwa heshima. Kwa nini? Kwa sababu mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe kaburini. Amecheka na kazi ameifanya. Zaidi ya hayo, kesho msiba ukiwa kwake, wafiwa wa leo watakuja nao kumtania yeye. Utani ni deni la pande mbili.

Kwa kipimo hicho, Columbo ni mtani wa marehemu. Hebu tazama nani anavaa vizuri mazikoni katika michezo ile, nani anasema maneno mazito na kupangusa macho kwa leso safi: ni mwuaji. Na nani anayekuja na majivu ya sigara kifuani, akionekana hana adabu ya msiba? Ni mtu pekee ambaye hatalala hadi haki ya marehemu ipatikane. Adabu ya nje inaweza kuwa kifuniko cha uovu, na kichekesho kikawa ndiyo heshima ya kweli.

Hata hivyo, kuna jambo linalonikwaza. Mpelelezi huyu hujifanya mjinga, na pengine hutega mtego kwa ushahidi wa kubuni. Sisi hupiga makofi. Sasa geuza mambo. Mfikirie mkulima aliyeteremka kutoka Kinole na mikungu yake ya ndizi, hajui sheria, hana wakili, ameketishwa mbele ya ofisa anayejifanya rafiki, anatabasamu, anajifanya hajui, mpaka mkulima atamke neno litakalomfunga. Hila ni ile ile, lakini nani atacheka? Kumbe utamu wote wa mchezo ulitegemea jambo moja: kwamba nguvu ilikuwa upande wa mshukiwa. Mwenye nguvu akijifanya mnyonge ili amnase mnyonge, hapo hakuna utani. Ni uonevu uliovaa koti bovu.

Ndiyo maana naona masharti ya kicheko halali ni mawili, na yote mawili mtani wa Uluguru anayatimiza bila kufundishwa darasani. La kwanza, anayecheka awe tayari naye kuchekwa. La pili, abebe sehemu ya mzigo wa yule aliyefikwa.

Columbo anayatimiza. Sisi watazamaji je? Maiti ya televisheni haina jamaa wa kupewa pole, wala kaburi lake halitungoji na jembe. Mchezo ukiisha tunazima na kwenda kulala. Sidhani hiyo ni dhambi. Lakini mazoea ya kucheka bila kubeba chochote yanaweza kutufuata mpaka kwenye misiba ya kweli, tukawa watu wa kufika, kula ubwabwa, kusimulia vituko vya marehemu, na kuondoka kabla vyombo havijaoshwa. Hao hawawezi kujiita watani. Mtu akitaka kujua kama kicheko chake msibani kilikuwa halali, asiulize kama wafiwa walicheka pamoja naye. Atazame kama ana udongo mikononi.