Fulana Tunazo, Mwalimu Yuko Wapi?

Asubuhi ya siku ya kliniki, kwenye daladala ya Ihumwa kwenda mjini Dodoma, mama mwenye mtoto mwenye usonji hujulikana mapema. Anatafuta kiti cha dirishani, kilekile cha siku zote, maana mwanawe akikikosa safari imeharibika. Konda akigonga bodi, mtoto anaziba masikio. Lori la bandari kavu likipiga honi, kilio kinaanza, na abiria wote wanageuka washauri. "Mama, huyu umemdekeza." Mwingine, kwa sauti ya chini ambayo haiko chini hata kidogo, anauliza kama mtoto ameshapelekwa kwenye maombi. Mama hajibu. Alishajibu sana huko nyuma.

Mama huyo sasa anaalikwa kukimbia mbio za hisani.

Mwaliko wenyewe si mbaya. Tangu 2008, Aprili 2 ni siku ya usonji duniani, na Dar es Salaam ina mbio zake, Run 4 Autism, zinazoandaliwa na Lukiza Autism Foundation. Mwanzilishi wa taasisi hiyo, Hilda Nkabe, ni mama wa mtoto mwenye usonji. Mzazi ndiye aliyetangulia, wafadhili wakafuata. Dodoma nayo si mgeni wa mambo haya. Kupitia NBC Dodoma Marathon, watu wa makao makuu wamezoea kuamka alfajiri kuchangia vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi.

Kinachokera ni jibu linalotolewa kila mara mbio za hisani zinapokwisha na mtu akauliza fedha zimefanya nini: "Zimeongeza uelewa."

Uelewa unahitajika, atadakia mtu, na hoja anayo. Daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, lakini bado wapo wanaofungiwa ndani kwa aibu. Uongo wa daktari Andrew Wakefield, kwamba chanjo huleta usonji, ulichapishwa 1998, jarida lililouchapisha likaufuta 2010, na mpaka leo unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 127 ana usonji. Basi abiria wa ile daladala waelimishwe, tena sana.

Ila mama mwenyewe alishaelewa zamani. Anachokosa ni mtu wa kukaa na mtoto wake na kumfundisha kuomba maji kabla hajalia, kuvaa viatu, kusubiri zamu. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa usemi, ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ya mwalimu wa elimu maalumu. Walimu hao hufundishwa Chuo cha Patandi, Arusha. Watu wa tiba kwa vitendo hufundishwa KCMC, Moshi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma, lakini sheria haiingii darasani kushika chaki. Na elimu maalumu si ndoto ya watu wa mijini: ukishapita Ihumwa kuelekea Chamwino, pale Buigiri, ipo shule ya wasioona iliyoanza tangu enzi za mkoloni.

Kwingine shule ilitangulia mbio. London, wazazi wa watoto wenye usonji walianzisha chama chao 1962. Kufika 1965 walikuwa na shule. Marathon ya London yenyewe ilikuja 1981.

Halafu kuna jambo ambalo waandaaji wengi hawaligusi. Mbio zetu huanza na spika za kupasua masikio, mshereheshaji anayepiga kelele na firimbi juu yake. Mtoto aliyeshindwa na honi ya lori ataletwaje hapo? Na kama haletwi, mama anapokimbia, mtoto ameachiwa nani?

Muziki upunguzwe. Kitengwe chumba tulivu chenye mlezi anayelipwa. Na kabla mtu hajalipia fulana, atangaziwe kwamba fedha hizi zitamsomesha mwalimu Patandi, kwa mkataba wa kuja kufundisha Ihumwa. Wadhamini watanung'unika kwamba mwalimu mmoja hajazi bango. Wampige picha siku anaporipoti kazini.