Mnachangia Jeneza, Wakili Hamumchangii

Msichana wa watu akifa Riyadh, mnachanga. Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp, namba ya paybill chini yake, na kabla ya magharibi orodha imeshakuwa ndefu: fulani mia tano, mama fulani elfu moja, familia ya marehemu mzee fulani elfu mbili, kila mmoja akinakili orodha na kuongeza jina lake mwishoni ili lisomeke. Fedha za kuleta mwili zinapatikana. Za gari la kutoka uwanja wa ndege zinapatikana. Turubai, viti na chakula cha matanga, vyote vinapatikana. Ni mema hayo, na malipo yenu yako kwa Mungu. Lakini nawauliza, na msikwepeshe macho: miezi michache kabla ya hapo, msichana huyo huyo alipotuma sauti kwa kunong'ona, akisema mshahara halipwi, pasipoti amenyang'anywa na chakula anapewa mara moja kwa siku, nani alichanga?

Hakuna aliyechanga. Mlimwambia avumilie, mkataba ni wa miaka miwili tu. Wengine mlisema kimya kimya kwamba alijitakia.

Kilichotakiwa wakati ule kinajulikana. Alitakiwa mtu anayeijua sheria, na mwingine anayejua Kiarabu. Mtu wa kumwandikia barua wakala aliyempeleka, kuufuata ubalozi hadi ujibu, na ikibidi kumshtaki wakala huyo hapa hapa nyumbani, mbele ya hakimu. Saudia ilipolegeza masharti ya kafala, yaani mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, Machi 2021, wafanyakazi wa majumbani waliachwa nje ya nafuu hiyo. Binti yenu anayefua na kulea watoto Dammam bado yuko chini ya mkono wa kafili wake. Akiikimbia nyumba anayopigwa, anaweza kuandikiwa huruub, yaani ametoroka kazi, na kuanzia saa hiyo mkosaji ni yeye. Fundo kama hilo halifunguliwi na dua ya mkesha peke yake. Linafunguliwa na faili, na faili lina mtu wa kulibeba, naye ana kodi ya nyumba na karo za watoto. Mlidhani nani anamlisha?

Mlimwachia Mzungu. Huo ndio ukweli wenyewe. Katika nchi zetu, kazi ya kumtetea mkimbizi na mhamiaji mahakamani, kwa sehemu kubwa, imeendeshwa na fedha za wafadhili wa Ulaya na Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani akatia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika Julai USAID yenyewe ilikuwa imeshafungwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likatangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500. Katika kambi ya Kakuma mgao wa chakula ukakatwa na watu wakaingia barabarani kuandamana. Nasi tukafanya nini? Tukailaani Marekani. Mimbari zikawaka moto juu ya ubinafsi wa matajiri wa mbali, na hao wahubiri wakashuka, sahani ya sadaka ikapita, na hakuna hata mia moja iliyoandikiwa jina la mkimbizi.

Wala msiniambie kwamba hatuna. Mwaka 2024 ndugu zetu walioko nje walituma Kenya takriban dola bilioni 4.9, fedha zinazopita mapato ya chai yetu. Marekani ndiko zinakotoka nyingi zaidi, na Saudia ni miongoni mwa zinazofuata, ingawa kwa mbali. Nyumba mnazojenga, bodaboda mlizonunua, ada za shule mnazolipa, mnalipa kwa jasho la wahamiaji. Mnakula jasho hilo kila mwezi, na mwenye jasho akilia hamna senti ya kumtetea. Waheshimiwa nanyi mnaokwenda kanisani na mabunda ya noti, mkiyahesabu mbele ya kamera huku kwaya ikiimba, ni lini mmemwekea dhamana mfanyakazi mmoja wa kigeni aliyefungiwa seli kwa kukosa karatasi?

Najua kwa nini kazi hii haipendwi. Haina picha. Mfuko wa unga una picha, kisima kina picha, futari ina picha nzuri kabisa, watoto wamejipanga na bango la mfadhili nyuma yao. Kesi haina picha. Kesi ni nauli ya shahidi kutoka Garissa, na nauli hiyo hiyo tena kwa sababu hakimu ameahirisha. Ni mkalimani wa Kisomali, wa Kirundi au wa Kitigrinya anayelipwa kwa siku. Ni kutoa nakala za kurasa mia nne. Baada ya miaka miwili mnapata karatasi yenye muhuri, na huyo mliyemsaidia hawezi hata kuwashukuru hadharani kwa kuwa anaogopa.

Lakini tazameni karatasi hizo zilifanya nini. Desemba 2012 serikali ya Kenya iliamuru wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe kambini. Shirika la Kituo Cha Sheria likaenda Mahakama Kuu, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri ile. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba kambi ya Dadaab itafungwa, na watu zaidi ya laki mbili, wengine waliozaliwa pale na wasiojua kwingine, wakaanza kuhesabu siku. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo akasema hapana, jambo hilo linavunja Katiba. Hakuna lori la unga ambalo lingeweza kufanya hivyo. Na hukumu haijitekelezi yenyewe: Aprili 2014, mwaka haujaisha tangu ile ya kwanza, polisi walizoa maelfu Eastleigh wakawarundika uwanja wa Kasarani, wenye karatasi na wasio nazo. Aliyekuwa na wakili wa kumfuatilia alikuwa na wa kumsemea. Wengine walitoa hongo, na ninyi majirani mlioyaona hayo mkasema, basi warudi kwao.

Watu wa pwani nanyi msijitoe. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba yetu ya mkonge na miwa, walikaa hapa vizazi bila kitambulisho. Tulinunua vinyago vyao. Tuliwaona wakikamatwa njiani, tukawaona watoto wao wakikwama shuleni kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, na tukapita. Oktoba 2016 walianza kutembea kwa miguu hadi Nairobi, na mwishowe Rais Uhuru Kenyatta akawaomba radhi na kuagiza wapewe vitambulisho. Nyuma ya mwendo ule kulikuwa na miaka ya mashirika ya haki kukusanya majina, kuandika maombi na kugonga milango ya wizara. Misikiti ya pwani ina wakfu wa maduka na mashamba tangu enzi za mababu. Kwa nini kazi ile isilishwe na wakfu mmoja tu?

Enyi Waislamu, mnaisoma aya ya zaka kila Ramadhani. Mafungu yake ni manane, na wengi wetu tumeyasahau, tumebaki na fukara na maskini. Humo mna fungu la kukomboa waliofungwa shingo zao, na fungu la msafiri aliyekwama njiani. Nani amekwama kuliko mwanamke aliyefungiwa ndani ya nyumba ya mtu, pasipoti yake ikiwa kabatini mwa tajiri wake? Maulamaa wetu wakae walijadili hilo kwa uzito, wasiliache likapita kwa mazoea. Na msimsahau Najashi, mfalme wa Habasha. Maswahaba walipokimbilia Habasha mwaka 615, Makureshi walituma wajumbe na zawadi za ngozi ili wakabidhiwe watu wao. Mfalme yule Mkristo hakuwapa wakimbizi chakula akadhani amemaliza. Aliwaita, akamsikiliza Ja'far bin Abi Talib akijitetea, kisha akarudisha zawadi za wajumbe. Dini yenu ilinusurika kwa sababu mkimbizi alisikilizwa kesi yake.

Nanyi Wakristo, Kumbukumbu la Torati haikuishia kuamuru mgeni aachiwe masalio ya mavuno. Inamlaani yeyote anayepotosha hukumu ya mgeni, yatima na mjane. Hukumu, wapendwa, iko pale pamoja na mkate. Kila Desemba mnaigiza kile kisa cha mtoto aliyekimbizwa Misri usiku, vazi na punda vikiwepo, na Januari mnamwita mtoto wa Mkongo nyumba ya pili mchafuzi wa mtaa.

Mtaniambia mashirika yenyewe yanakula fedha mahotelini. Yapo. Nimeyaona mabango ya warsha ya siku tatu ufukweni, posho na vyumba vyenye kiyoyozi, ya kujadili wakimbizi ambao hakuna hata mmoja aliyealikwa kusema. Aibu kwao, na wamewapa nyinyi kisingizio mlichokuwa mkikitafuta. Lakini mfadhili aliye mbali ndiye huyo anayeridhika na ripoti na picha. Shilingi ya kamati ya msikiti ina mzee wa kuiulizia kila Ijumaa, na ya jumuiya ndogo ndogo ina mama atakayetaka risiti. Fedha yenu ingewanyoosha hao kuliko mkaguzi yeyote kutoka Geneva. Na serikali isingeweza tena kumwita mtetezi wa wakimbizi kibaraka wa wageni, kwa maana angekuwa analipwa na Mama Zuhura wa sokoni.

Basi kamati zikikaa mwezi huu, lisomwe jambo hili kwenye ajenda, lisiwekwe kwenye mengineyo. Kila msikiti wa Ijumaa na kila parokia itenge fungu la wakili, liwe na daftari lake, lisichanganywe na la paa wala la vipaza sauti. Vyama vya akina mama vinavyopeleka mabinti Ghuba viweke akiba ya kuwatetea kabla tiketi haijakatwa. Wanasheria mlio waumini, mnaovaa kofia na tai siku za ibada, mtoe kesi moja kwa mwaka kama sehemu ya zaka au fungu lenu la kumi, na mtie sahihi mbele ya watu. Mabinti walioko Jubail na Doha wanatuma sauti zao usiku huu, na simu zimo mifukoni mwenu.